Kinanda Kisicho na Mtu

“Fadhili yule pale anapiga picha na wageni. Sasa kwenye kinanda anapiga nani?”

Aliyeniuliza ni Mama Grace, meneja wa hoteli moja ya Mikumi, jioni moja jua likiwa limekaribia kugusa nyasi. Alisimama kando ya meza yangu, mikono nyuma, akauliza kwa utulivu kama mtu anayeulizia saa. Mimi nilikuwa fundi mitambo wa bendi. Kati ya watu wote waliokuwa pale, hakuna aliyelijua jibu kuliko mimi, na sikuweza kulitoa. Nilisema, “Ni mitambo, mama.” Lilikuwa jibu la kweli, ndiyo maana lilifaa sana kuwa uongo.

Nawaandikia ninyi wawili mnaoshika miksa ya sauti baada yangu. Watu hustaafu na mvi. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne, kwa sababu sikio langu la kushoto limeshikwa na mlio usiokoma, kama nyenje wa kiangazi aliyepotea njia akaingia ndani. Daktari alisema niachane na spika. Nilimuuliza maswali mpaka akaanza kupanga mafaili yake. Mliniomba niwaachie maelezo ya kazi. Nimejaribu, lakini kila nikiandika kuhusu waya au maiki, anaingia mtu aliyepiga kinanda na mzee aliyepiga besi. Nimewaacha waingie.

Nilianza miaka kumi na moja iliyopita. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fizikia, na Kilosa haikuonekana kuihitaji. Kwetu ni milimani, nyumba ya mwalimu, ambako kwaya ilianza saa ileile kila Jumapili, na mimi nilikuwa yule mtoto anayeuliza kwa nini isiwe saa nyingine. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda Kimamba kumtembelea rafiki. Tulipita kwenye ghala la zamani la mkonge, ndani yake bendi ikifanya mazoezi, spika zao zikiunguruma kama tumbo la ng’ombe. Nilisimama mlangoni nikasema kosa liko kwenye waya wa ethi, ule unaoshuka ardhini. Mzee mmoja mwembamba mwenye gitaa la besi alinitazama, akasema, “Basi ingia uutengeneze.” Niliingia. Ndivyo nilivyoajiriwa. Shahada hakuna aliyeiulizia mpaka leo.

Mzee huyo ndiye Mzee Athumani. Alikuwa mkulima wa mahindi siku za kawaida na mpiga besi siku zilizobaki, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa hakuwa fundi mitambo na hakuwahi kusema kwamba ananifundisha. Somo la kwanza lilikuwa hili: kabla hujawasha chochote, sikiliza mahali. Alisimama katikati ya ghala, akapiga kofi moja, akangoja. Lile kofi lilikwenda mpaka mwisho, likazunguka kwenye mabati na boriti, likarudi jembamba, kama kitu kilichokuwa safarini. Nilimuuliza anasikiliza nini hasa. Akasema anasikiliza panapochelewa. Basi mimi nikamweleza jinsi mawimbi ya sauti yanavyogonga ukuta na kurudi, nikamchorea na mchoro kwenye vumbi. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. “Vizuri, mwanangu,” akasema. “Sasa piga kofi.”

Pigeni kofi. Hilo ndilo la kwanza. La pili, msielekeze spika kwenye paa la bati. La tatu, nunueni brashi ya kupakia rangi, ile ndogo, kwa ajili ya vumbi la barabara ya kijiji cha Ulaya, tunayopita kwenda Mikumi, maana linaingia mpaka ndani ya vitu vilivyofungwa. Waya zikunjeni kwa kufuata zinakotaka kwenda; waya ukilazimishwa leo utakatika kwenye harusi ya mtu. Na maiki msiijaribu kwa haloo haloo. Mwacheni mwimbaji aseme neno lenye s nyingi. Rehema, mwimbaji wetu, alikuwa akisema “sisi sote sasa,” na kwa miaka mingi nimeamka asubuhi nikiyasikia maneno hayo kabla ya sauti ya jogoo.

Kila Ijumaa mchana tulitoka Kilosa kwenda Mikumi kupiga kwenye ile hoteli. Vyombo vilikaa nyuma ya kenta chini ya turubai, nasi juu ya vyombo. Barabara ile ina namna ya kulaza watu. Unasinzia mkonge ukipita pembeni, mstari baada ya mstari, unaamka milima imehama upande, unasinzia tena, na ukiamka mara ya pili kuna mitende mirefu imesimama peke yake kwenye nyasi kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Sijawahi kuwa na uhakika ni mambo gani niliyaona njiani na yapi niliyaota. Twiga aliyekuwa akitembea sambamba na gari bila kutuangalia, Rehema anasema hakuwapo.

Baraza la hoteli lilitazama kidimbwi ambako wanyama hushuka kunywa. Siku ya kwanza Mzee Athumani alipiga kofi lake, akangoja. Hakikurudi kitu. Akangoja zaidi. Nyasi ziliendelea kulala na kuinuka. “Hapa hakuna ukuta,” akaniambia. “Hapa ukishapiga, umetoa.” Nilitaka kubisha, kwa sababu hata sauti iliyo mahali pa wazi hupotea kwa kanuni, lakini bendi ilianza, na besi yake ikateremka ngazi za baraza polepole, ikaenda majanini, na mimi nikakaa nikiitazama inavyokwenda, kana kwamba ingeonekana.

Fadhili alikuja mwaka wa nne. Alitoka Morogoro mjini na kinanda chake na spika mbili, akiwa na miaka kama thelathini. Kiongozi wetu wa zamani alipohama, alimwachia Fadhili bendi, maana vyombo vizuri vilikuwa vyake. Sitaki mdhani alikuwa bure. Wiki ya kwanza Rehema alikuwa akifunga maiki huku akiguna wimbo wa kubembeleza watoto, wa bibi yake. Fadhili alikaa, akausikiliza mara moja, akaupiga. Aliuweka juu ya kitu laini, kama ukungu wa asubuhi unaokaa juu ya mto Mkondoa, na ule wimbo ukatembea ndani yake bila kulowa. Nilijikuta machozi yananitoka. Nilikagua kama ni vumbi. Halikuwa vumbi.

Labda tulimsifu mno, au labda angekuwa vilevile hata tungenyamaza. Nimejiuliza hilo mara nyingi. Kwanza alitaka kiti chake kiinuliwe kwa makreti ili awe juu kuliko mwimbaji. Kisha feni, imwelekee yeye tu. Kisha akarekodi sauti yake mwenyewe ikisema, kwa kuvuta, “Anakuja, Mfalme wa Vidole,” akaiweka mwanzo wa kila wimbo. Mzee Athumani aliuliza kama vidole vyake na yeye viko chini ya utawala huo au vina serikali yao. Tulicheka. Fadhili hakucheka.

Kiangazi kimoja alinunua mashine ya moshi Dar es Salaam. Aliiwasha jioni, nyasi zikiwa kavu kabisa, na ule moshi mweupe ukamwagika kutoka barazani kwenda bondeni, mzuri ajabu, tembo wawili wakiwa wamesimama ndani yake mpaka tumboni kama wanaelea. Baada ya muda gari la askari wa wanyamapori lilikuja mbio, wamebeba matawi na madumu ya maji. Mkubwa wao akauliza moto uko wapi. Mzee Athumani akamwonyesha Fadhili. Na Fadhili, macho nusu yamefumba, akadhani wamekuja kumsikiliza, akawainulia mkono.

Lakini kilichowaudhi watu wa Kilosa ni salamu. Kwetu mtu husamehewa mengi, si kumpita mzee bila shikamoo. Fadhili alianza kusimama kimya mbele ya wazee, akisubiri wao waanze. Baadaye akataka wanabendi wamwamkie yeye kabla ya mazoezi, hata Rehema aliyemzidi miaka mitatu. Rehema alikuja siku hiyo, akainama mbele ya kinanda, akasema, “Shikamooni, vidole. Na wewe Fadhili, hujambo?”

Halafu akaanza kupunguza watu. Mpiga ngoma alikuwa wa kwanza. Fadhili alisema kinanda kina ngoma zote, na ngoma zake hazichelewi mazoezi. Baada yake akaenda mpiga gitaa. Nilimuuliza kwa nini, kwa sababu kila aliyeondoka aliacha tundu ambalo mimi kwenye miksa nililisikia waziwazi, kama jino lililong’oka. “Msomi, wewe unapenda maswali,” akasema. “Kinanda hakiulizi.” Tukabaki wanne: yeye, Rehema, mimi, na Mzee Athumani na besi yake. Tangu siku hiyo nilijua ni nani anayefuata, na nikawa silali vizuri. Yule mzee alikuwa na miaka zaidi ya sitini. Akitolewa pale, sikujua bendi nyingine ambayo ingemchukua, na sikuweza kumfikiria akiwa na mahindi peke yake.

Kurekodi kulianza kidogokidogo. Kinanda cha Fadhili kiliweza kutunza alichokipiga na kukirudia. Mwanzoni alikiacha kirudie kipande kifupi, huku yeye akisimama na kupunga mikono. Wageni wakapiga makofi. Wiki iliyofuata alishuka ngazi. Baada ya mwezi alikuwa akibonyeza kitufe, anatembea meza kwa meza, anapigwa picha, anashikwa mkono, na kinanda kule juu ya makreti kinapiga wimbo mzima, feni ikipuliza kiti kitupu. Nawaambia kweli, ilikuwa na uzuri wake. Vibao vya kinanda havikushuka wala kupanda, na muziki ulitoka. Jua lilikuwa likizama, wageni walikuwa na glasi zao, na hakuna aliyetazama nyuma. Hakuna isipokuwa Mama Grace.

Fadhili alijua kwamba siku moja nitaulizwa, akanitangulia. Alinifuata nilipokuwa nikikunja waya. Alisema nikitoboa siri hiyo, hoteli itatufukuza wote, na wa kwanza kukosa pa kwenda atakuwa mzee wangu. Nikinyamaza, yeye hatamgusa. “Chagua mwenyewe, msomi,” akasema. Nilichagua. Kwa hiyo Mama Grace aliponiuliza anayepiga ni nani, nilimpa lile jibu langu la mitambo, akanitazama kidogo, akaenda zake.

Tatizo ni kwamba wimbo uliorekodiwa haungoji. Rehema akiona wageni wamependa ubeti, anaurudia. Kinanda kinaendelea mbele bila yeye. Mzee Athumani alikuwa na kawaida ya kumfuata mwimbaji, si chombo. Basi kila jioni kulikuwa na mahali ambapo Rehema na besi walikuwa pamoja, na kinanda kiko peke yake mbali, na hata mgeni aliyelewa alisikia. Fadhili alisema mzee anachelewa. Ijumaa moja, kenta ikiwa imewashwa, alimwambia, “Mzee, pumzika wiki hii. Besi iko ndani ya kinanda.”

 Mzee Athumani aliomba nimpatie gitaa lake lililokuwa chini ya turubai. Nilimpatia. Akasema, “Safari njema, wanangu,” akaanza kurudi nyumbani kwa miguu, gitaa begani, akipita kwenye kivuli cha kila mti kana kwamba alikuwa amevihesabu. Mimi nilipanda gari. Nimewahi kuulizwa kwa nini sikushuka. 

Jioni ile besi ya kinanda ilikuwa mbaya. Haikukosea hata nota moja, lakini ilitembea kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima. Mama Grace alikunja uso. Ndipo likaja jambo ambalo nililibeba kwa miaka: wiki iliyofuata, kinanda kilipiga besi za Mzee Athumani. Si za kufanana. Zake, nota kwa nota, na ule mruko wake mdogo kabla Rehema hajaanza kuimba, na mahali anaponyamaza ambapo mwingine angejaza.  Fadhili alikuwa na mazoea ya kuacha simu yake ikirekodi mazoezi yetu. Nilikuwa na ushahidi, nilikuwa na sababu, nilikuwa na mtu. Hata mahakamani hawahitaji zaidi. Nikahitimisha kwamba baada ya kumfukuza mzee, alimwibia na vidole.

Harusi ilikuwa Kimamba, mwezi mmoja baadaye, alasiri, ndani ya ghala lilelile la mkonge, ambalo siku hizi hukodishwa kwa sherehe. Mzee Athumani alikuwapo, lakini kama mgeni. Baba wa bibi harusi ni jirani yake. Alikaa karibu na wapishi, kwenye benchi, kofia imenyooka. Fadhili alipomwona aliinua kidevu tu.

Familia ile ina desturi yao ya mashangazi. Bibi harusi anakaa mbele, na shangazi zake wanaitwa mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Kila mmoja anatoka mlangoni, anakuja akicheza, anamvika binti kanga begani, anakaa. Mwimbaji anawataja kwa majina. Wimbo ni mmoja, na haukatizwi mpaka shangazi mkubwa akae. Utachukua muda gani hakuna ajuaye; inategemea miguu ya watu. Walikuwa saba.

Fadhili alikuwa ameurekodi wimbo huo nyumbani. Alibonyeza kitufe, sauti yake ikatangaza kuja kwake, wimbo ukaanza, naye akashuka kwenye makreti na kwenda upande wa bwana harusi kupiga picha. Shangazi wa kwanza alikuja, wa pili, wa tatu. Wa sita alikuwa na furaha nyingi, alikwenda mbele hatua mbili na kurudi tatu, na watu walimshangilia. Nilitazama muda kwenye kioo cha kinanda kutoka nilipokaa, nikaona tunakwisha. Nilimpungia Fadhili. Alidhani namsifu, akanipungia na yeye.

Shangazi mkubwa alikuwa katikati ya ghala, na mkongojo wake, akijitahidi kuuweka chini pale besi inapopiga, wimbo ulipofika mwisho. Ukamalizika kwa mbwembwe zake zote. Ghala lilizichukua zile mbwembwe, likazizungusha kwenye boriti, likazirudisha, kisha pakawa kimya. Kikongwe alisimama, mguu mmoja mbele. Mtu aliyekatiziwa wimbo mbele ya ukoo wake anaonekana kama amevuliwa nguo, na sijui namna nyingine ya kuwaeleza. Fadhili alirudi akipangua viti, akabonyeza kitufe, na spika zikasema kwa sauti ya kuvuta, “Anakuja, Mfalme wa Vidole.” Shangazi mkubwa akageuka nyuma kuona nani anayekuja.

Nilishusha chaneli yake kwenye miksa, sauti ikazimika. Katika miaka yote ndiyo mara pekee nilipoigusa bila ruhusa.

 Vumbi lilielea kwenye miale ya jua iliyopita kwenye matundu ya bati. Kisha nikasikia mdundo wa chini, mzito, kutoka upande wa wapishi. Mzee Athumani alikuwa amevuta dumu la maji kati ya magoti, akilipiga kwa kiganja, ileile besi, na ule mruko mdogo kabla ya ubeti. Rehema akaingia, bila maiki, kwa sauti yake ya nyumbani. Wanawake wakashika kwa makofi. Ghala zima likawa na kofi moja lililokwenda na kurudi, na kikongwe akauweka mkongojo chini, akaendelea kuja, polepole, kana kwamba muda wote huo alikuwa amesimama tu kupumzika.

Fadhili alikuwa amekaa kwenye kinanda. Alinifanyia ishara nimpandishe, nami nikampandisha. Hilo mjue, nilimpa nafasi. Lakini Rehema alikuwa ameanza kwa sauti yake mwenyewe, iliyo kati ya kibao na kibao cha kinanda, na yule mtu aliyewahi kukamata wimbo wa bibi kwa kuusikia mara moja, sasa vidole vilikuwa vikitafuta. Alibonyeza hapa, si hapo. Akabonyeza pale. Wanawake wa mbele waligeuza nyuso. Alitoa mikono kwenye vibao, akaiweka mapajani, akaitazama kama ya mtu mwingine.

Shangazi mkubwa alimvika binti kanga, akakaa, vigelegele vikapigwa. Vilipotulia akamwita Fadhili. Alisogea. Ghala zima lilisikia.

“Mwanangu, ulikuwa unaniharakisha niende wapi?”

Mtu mmoja alicheka, kisha wote. Wenye simu walikuwa wameshachukua video tangu mwanzo. Jumatatu video ilikuwa imefika Mikumi, na Jumanne Mama Grace aliniita ofisini mimi na Rehema. Alisema safari hii nisimjibu habari za mitambo. Nilimweleza yote: kitufe, matembezi, kwa nini nilinyamaza. Alisikiliza akigeuzageuza kalamu. Nadhani angeyavumilia, wageni walizipenda zile picha. Kisha nikasema, “Na hizo besi amemwibia Mzee Athumani. Alimfukuza, kisha akazichukua kisirisiri kwenye simu.” Kalamu ikatulia.

Fadhili aliitwa. Mama Grace alimsomea shtaka langu mbele yangu, akamuuliza kama lina ukweli. Fadhili alifungua mdomo. Nakumbuka vizuri kwamba aliufungua. Alinitazama, akamtazama Rehema, akaufunga. “Kama msomi amesema, imekwisha,” akajibu. Akatoka kwenda barazani, akachomoa waya zake mmoja mmoja, akazikunja kwa upole ambao sikujua kwamba anao, kila mmoja kuelekea ulikotaka. Spika na kinanda vikapakiwa. Feni aliiacha.

Mama Grace akamrudisha Mzee Athumani, na mpiga ngoma akarudi pia, na tukaazima vyombo mpaka tukapata vyetu. Mzee alipiga nasi miaka mitatu zaidi, mpaka magoti yalipomkatalia kupanda kenta. Ilikuwa miaka mizuri. Besi ilishuka tena ngazi za baraza kwenda majanini, na mimi nilikaa kwenye miksa nikiwa na uhakika kwamba ni mimi niliyeirudisha. Sikumwambia mzee habari ya wizi; niliona itamuumiza bure. Kuhusu Fadhili nilisikia kwa dereva bodaboda wa Kimamba kwamba aliuza kinanda, kwamba anafanya vibarua kwenye mashamba ya mbegu Kilangali, na kwamba hata harusi ya jirani akiombwa kupiga anasema hajui. Nilidhani anaona aibu ya mwizi.

Mwaka huu, baada ya daktari, nilikwenda Kimamba kuaga. Mzee Athumani alikuwa amelala, siku hizi hulala sana mchana. Nilimwamkia mkewe, Bi Sauda, akaniitikia, akanipa kigoda, tukachambua mchicha. Mabehewa ya mizigo yalipita mbali, na sikio langu likayachanganya na nyenje wake. Bi Sauda aliuliza habari za mmoja mmoja, akafika kwa Fadhili. Nilisema sijui, na kwamba mtu aliyemwibia mumewe sina haja ya kujua habari zake.

Aliacha kuchambua. Akauliza alimwibia nini. Nikamwambia. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeamka usingizini akasema jambo lisilokuwapo.

“Yunis, yule alikuja hapa mwenyewe, wiki ileile aliyomtoa mume wangu kwenye bendi. Nilitaka kumfukuza. Mzee akasema mwache apite, nyimbo hazijamkosea mtu.”

Nilimuuliza tena, kwa namna nyingine, nikitafuta mahali ambapo amekosea. Hakuwa amekosea. Fadhili hakuiba besi hata moja. Kwa alasiri tatu mfululizo, kwenye kibaraza kilekile tulichokuwa tumekalia, Mzee Athumani alimfundisha zote, kwa mikono yake mwenyewe.